Somo Chini ya Maji: Jinsi ya Kuuliza "Mmeelewa?"

Hakuna swali linaloulizwa mara nyingi zaidi katika madarasa ya shule zetu za msingi kuliko hili: "Mmeelewa?" Wala hakuna jibu linalotolewa kwa sauti kubwa zaidi kuliko hili: "Ndiyo, mwalimu!" Mwalimu hufuta ubao, huendelea na sehemu inayofuata, na mwisho wa kipindi huandika katika andalio lake kwamba somo limeeleweka. Wiki mbili baadaye hutoa jaribio, naye hustaajabu kuona kwamba nusu ya darasa haikuambulia kitu. Aghalabu hulaumu uvivu wa watoto, au wazazi wao, au mwalimu aliyewafundisha mwaka uliotangulia. Ni nadra sana kulilaumu swali lenyewe.

Katika makala haya twataka kulichunguza swali hilo. Mfano tutakaoutumia hatukuupata darasani. Tuliupata katika ziwa dogo lililoko katikati ya nchi ya Uingereza, mahali ambapo watu huenda siku za mapumziko kupiga mbizi kwa kutumia mitungi ya hewa. Huenda mwanachuo akauliza: mchezo huo wa Wazungu unamhusu nini mwalimu wa Darasa la Tatu mwenye watoto 80 na boksi moja la chaki? Unamhusu kwa jambo moja tu, nalo ni kubwa. Chini ya maji haiwezekani kuitikia kwa pamoja, na mwanafunzi anayedai kuwa ameelewa ilhali hajaelewa aweza kupoteza maisha yake. Kwa sababu hiyo walimu wa fani ile wamelazimika kutafuta njia ya kujua kwa hakika kile ambacho mwanafunzi anakijua. Njia hiyo haihitaji fedha, na hata sisi twaweza kuitumia.

Mahali penyewe

Mwaka 2018 tulikuwa Uingereza, wakufunzi watatu, kwa mafunzo ya muda mfupi. Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye siku za Jumamosi na Jumapili alifundisha kuzamia. Alitualika tujiunge na wanafunzi wake wanaoanza. Baada ya jioni nne katika bwawa la kuogelea, Jumamosi moja ya mwezi Juni alitupeleka Stoney Cove, karibu na kijiji cha Stoney Stanton katika jimbo la Leicestershire.

Msomaji asidhani kwamba mahali hapo ni pwani. Bahari iko mbali. Zamani palikuwa machimbo ya mawe magumu ya aina ya graniti, yaliyoanza kuchimbwa katika karne ya 19. Kazi ilikoma mwaka 1958, na maji ya chemchemi yakaachwa yajae shimoni. Katika miaka ya 1960 na 1970 walifunzwa humo wazamiaji wa kazi za mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Leo pamekuwa mahali pa mapumziko na mafunzo: pana duka la vifaa, pana mtambo wa kujazia mitungi, na kandokando ya maji watu wanavaa na kuvua suti nzito za mpira.

Kilichotuvutia zaidi ni umbo la shimo lile. Wachimbaji walikata mwamba kwa ngazi. Ngazi ya kwanza iko kwenye kina cha mita 6 hivi, ya pili karibu mita 20, na sakafu ya chini kabisa yapata mita 35. Waliokata ngazi hizo walitafuta mawe tu, lakini leo zimekuwa madaraja ya masomo. Anayeanza hubaki ngazi ya kwanza, naye hashuki ya pili mpaka athibitike kuwa yuko tayari.

Mwenzetu mmoja alikulia Kilwa, ambako vijana huzamia pweza miambani wakiwa na miwani tu na pumzi zao wenyewe. Alipoona mtu mmoja akivaa suti ya mpira, fulana ya kuelea, mkanda wenye vipande vya risasi, mtungi mgongoni na mapezi miguuni, alicheka na kusema kwamba kwao samaki angekuwa amekwisha kuliwa kabla mtu huyo hajafunga vifungo vyake. Lakini alipotumbukiza mkono majini aliacha kucheka. Kiswahili huyaita maji yasiyo na chumvi kuwa ni maji baridi, na haya yalistahili jina hilo kwa maana zote mbili.

Andalio la somo

Kifaa cha kupumulia kinachotumiwa na wazamiaji wa siku hizi kinatokana na kile kilichobuniwa na Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, mwaka 1943. Humpa mzamiaji hewa kila avutapo pumzi, kwa mgandamizo ulio sawa na ule wa maji yanayomzunguka. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo kwa kadiri ya hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu nchi kavu. Hewa iliyojaza puto kwenye kina cha mita 10 hupanuka mara mbili ifikapo juu. Mapafu ya mtu nayo ni puto. Mzamiaji akishikwa na hofu, akabana pumzi na kukimbilia juu, mapafu yake yaweza kupasuka. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya fani ile ni kupumua pasipo kuacha, na kupanda polepole.

Mwalimu angeweza kutueleza hayo kwa dakika 5 na kutuuliza kama tumeelewa. Hakufanya hivyo. Alitwaa puto dogo, akamtaka kila mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe litakuwaje likishushwa mita 10, na litakuwaje likipuliziwa huko chini kisha likaachwa lipande. Tulikuwa wanafunzi sita, naye alimsikiliza kila mmoja. Mmoja alipokosea, hakumsahihisha papo hapo. Alimuuliza, "Kwa nini wadhani hivyo?" Kwa jibu lake akatambua kosa lilipoanzia.

Kisha tulipangwa wawili wawili. Kila mtu alikagua vifaa vya mwenzake kwa mikono: fulana inajaa hewa, mkanda wa risasi unafunguka upesi, mtungi umefunguliwa, kifaa cha kupumulia kinatoa hewa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa mgandamizo wa baa 200 hubeba hewa ipatayo lita 2,400, na kila mmoja alipaswa kumsomea mwenzake kipimo chake. Maandalizi yote yalichukua zaidi ya saa moja, na kuzamia kwenyewe kulipangiwa dakika 25. Mwanachuo anayelalamika kwamba kuandika andalio kunachukua muda mrefu kuliko kufundisha angefarijika kuwa nasi asubuhi ile.

Lugha ya ishara

Majini hakuna maneno, kwa hiyo ishara zilikubaliwa tungali nchi kavu. Kidole gumba na cha shahada vikiunganishwa kuwa duara, ni swali, "Uko salama?" Ishara hiyo hiyo ni jibu, "Niko salama." Kiganja kikitikiswa huku na huku, maana yake kuna tatizo. Mkono ukipitishwa shingoni, hewa imekatika. Kidole gumba kikielekezwa juu, ambacho nchi kavu humaanisha vizuri sana, majini humaanisha tupande juu sasa. Ni wazi kwamba mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hiyo, akitaka kumsifu mwalimu, angekatisha somo la wote. Hali kadhalika, mtoto wa Darasa la Kwanza asiyejua mwalimu ana maana gani anaposema "pigia mstari" hashindwi somo, hushindwa lugha ya somo.

Lakini ishara tuliyoithamini kuliko zote ilikuwa ile ya kuulizia hewa. Mwalimu hakuuliza, "Una hewa ya kutosha?" Swali hilo hujibiwa kwa ndiyo, na ndiyo haina kipimo. Aliuliza, "Una hewa kiasi gani?" Ilikuwa lazima mwanafunzi akishike kipima hewa chake, akisome, na kuonyesha tarakimu kwa vidole. Asiyejua kusoma kipima hewa angejulikana mara moja.

Kwenye kina cha mita 6

Tulishuka taratibu tukifuata kamba. Maji yanapozidi kina hubana ngoma za masikio, na mzamiaji hubana pua na kupuliza kidogo ili kusawazisha. Masikio ya watu hayafanani. Wengine huwa tayari baada ya pumzi moja, na wengine husimama kila nusu mita. Kundi letu lilishuka kwa mwendo wa sikio lililo zito kuliko yote, wala hakuna aliyetangulia. Samaki wadogo wenye mistari ubavuni walitukaribia kama watoto wa kijiji wanaotazama wageni. Rangi nyekundu ya mkanda wa mwenzetu ilikuwa imekwisha kufifia, kwa kuwa maji huimeza rangi hiyo mapema kuliko nyingine.

Tukapiga magoti juu ya ngazi ya mwamba. Zoezi lilikuwa kuingiza maji katika miwani na kuyatoa: kushikilia ukingo wa juu wa miwani, kuinua uso kidogo, na kupuliza kwa pua mpaka hewa iyasukume maji nje kwa chini. Mwalimu alifanya kwanza, polepole, hatua kwa hatua. Kisha akamwelekezea kidole mwanafunzi mmoja mmoja.

Wa nne alikuwa kijana Mwingereza, mwepesi na mwenye bidii. Aliingiza maji, akapuliza, na maji yakatoka nusu. Mwalimu akauliza kwa duara la vidole, naye kijana akajibu upesi kwa duara la vidole. Katika madarasa yetu mengi somo lingeendelea kutoka hapo. Mwalimu hakuendelea. Alikuwa akitazama mapovu. Mtu aliyetulia hutoa mapovu kwa vipindi, kundi moja kisha kimya. Ya kijana yule yalikuwa yakibubujika mfululizo. Mkono ulisema "niko salama," na pumzi zilikana.

Mwalimu alimkaribia, akamshika fulana kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamwonyesha mwendo wa pumzi: vuta, toa, vuta, toa. Mapovu yalipopungua alimrudishia zoezi, mara hii kwa maji kidogo tu. Kijana hakuweza. Basi mwalimu akaonyesha kidole gumba juu, na sote tukapanda naye polepole.

Meli ambayo hatukuiona

Palikuwa na mpango wa kuzamia mara ya pili alasiri, kuufuata ukuta wa mwamba hadi mita 12. Huko chini zaidi, penye kina cha mita 20 na ushei, imelala meli ndogo ya kukokotea iitwayo Stanegarth, iliyozamishwa makusudi mwaka 2000 ili iwe kivutio. Wazamiaji wengi hufunga safari kwa ajili yake. Anayeanza hairuhusiwi kwake, lakini tulitumaini walau kuukaribia upande ule.

Baada ya chai mwalimu alitwaa kibao alichokuwa ameandikia mpango, akaifuta mita 12, akaandika tena mita 6. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa adabu iwapo sisi tuliofaulu hatungeweza kuendelea na msaidizi wake. Mwalimu alijibu, "Ukuta ule ulikuwepo kabla hatujazaliwa, na wiki ijayo utakuwepo. Ninyi mmefanya zoezi mara moja. Nani ana hakika kwamba ataliweza akiwa amechoka na mwenye baridi?" Hakuna aliyejibu. Kuhusu kijana yule alisema jambo moja tu, tena mbele yetu sote: kwamba majini ishara ya tatizo haimpunguzii mtu heshima, na kwamba yeye mwenyewe huitumia.

Alasiri tulirudi ngazi ile ile ya mita 6. Kijana alipoelekezewa kidole hakutoa duara. Alikitikisa kiganja: kuna tatizo. Mwalimu alisubiri. Wote tulisubiri, tumepiga magoti katika baridi. Akapumua mara tano au sita, akaingiza maji kidogo, akayatoa. Akaingiza zaidi, akayatoa. Mara ya tatu aliijaza miwani yote, akainua uso, na maji yakatoka yote. Hapo ndipo duara la vidole lilipokuwa na maana. Baada yake kila mmoja wetu alirudia zoezi, na wawili kati yetu walilifanya vibaya zaidi kuliko asubuhi.

Tuliondoka Stoney Cove bila kuona meli. Kwa kipimo cha muhtasari, mwalimu alikuwa nyuma kwa somo moja. Kwa kipimo cha wanafunzi, watu sita walikuwa wamejua jambo ambalo asubuhi walidhani tu kwamba wanalijua.

Tuyapeleke haya darasani

Twajua pingamizi litakalotolewa. Mwalimu yule alikuwa na wanafunzi sita na msaidizi. Katika utaratibu wa shirika la PADI, ambalo hufundisha wazamiaji katika nchi nyingi, mwalimu peke yake haruhusiwi kuwachukua wanaoanza zaidi ya wanane katika maji ya wazi. Mwalimu wetu ana mara kumi ya idadi hiyo, na kipindi chake ni kifupi. Pingamizi hilo ni la haki, na mwenye kulipuuza hajapata kusimama mbele ya darasa letu. Hata hivyo, yapo mambo manne yanayowezekana.

Kwanza, uliza swali ambalo jibu lake ni tendo. Tuseme umefundisha kutoa kwa kukopa. Usiulize, "Mmeelewa?" Andika ubaoni 52 - 27, na kila mtoto aandike jibu katika kibao, katika daftari, au hata mchangani nje ya darasa. Kisha pita ukitazama. Utakayemkuta na 25 ameelewa. Utakayemkuta na 35 ametoa 2 katika 7 badala ya kukopa, na yeye ndiye mwenye mapovu mengi. Kuzungukia watoto 80 kwa macho huchukua dakika 4 au 5, muda ambao wengi wetu huutumia kunakili ubaoni zoezi jipya.

Pili, wapange wawili wawili. Mtoto amsomee mwenzake sentensi, na mwenzake afuate kwa kidole. Mtoto amweleze mwenzake alivyopata 25. Asidhani mtu kwamba ni kumwachia mtoto kazi ya mwalimu, kwani wazamiaji wazima hukaguana vivyo hivyo. Faida yake ni kwamba watoto 40 husema kwa wakati mmoja, badala ya mmoja kusema na 79 kusinzia.

Tatu, tambua katika muhtasari lililo hewa na lililo mandhari. Hatuwezi kulisimamisha darasa zima kwa kila jambo mpaka wa mwisho aelewe, kwani mwaka ungekwisha. Lakini yapo mambo ambayo mtoto akiyakosa hawezi kupumua katika masomo yote yanayofuata. Katika hesabu, thamani ya nafasi ya tarakimu ni hewa. Katika kusoma, kuunganisha herufi ziwe silabi na silabi ziwe neno ni hewa. Katika mambo hayo usiendelee kwa kukisia. Waandike majina wale ambao bado, uwaweke pamoja dakika 10 kila asubuhi, na kesho yake uwapime tena kwa tendo. Mambo mengine yanaweza kungoja, kama ilivyongoja meli ile.

Nne, uondoe aibu. Kijana yule hakudanganya kwa ubaya. Alitaka kumridhisha mwalimu, na alichelea kuwachelewesha wenzake. Watoto wetu wanazo sababu hizo, na juu yake wana hofu ya kuchekwa na hofu ya fimbo. Darasa ambalo asiyejua huadhibiwa litajaa watoto wanaosema "ndiyo," na mwalimu wao atakuwa wa mwisho kupata habari. Kuuliza si ujinga, twasema kila siku. Basi anayeuliza asilipishwe. Lifundishe darasa lako ishara ya "bado," mkono juu ya kitabu au namna nyingine yoyote, nawe mwenyewe uitumie mbele yao siku utakapoulizwa jambo usilolijua.

Tukumbuke pia uzito wa jambo lenyewe. Mzamiaji asiyejua kusafisha miwani huonekana siku hiyo hiyo, kwa kuwa maji hayamfichi. Mtoto asiyejua kusoma aweza kufichwa na sauti za wenzake kwa miaka mingi. Huitikia nao, huimba nao, hunakili ubao kwa mwandiko safi, huvuka Darasa la Pili, la Tatu na la Nne, na siku moja hupewa karatasi ya mtihani akiwa peke yake. Siku hiyo hakuna mwalimu wa kumshika fulana.

Wanachuo watakaokwenda mazoezi ya kufundisha twawaombea jaribio moja. Kwa wiki ya kwanza mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa, ahesabu mara ngapi umeuliza "Mmeelewa?" na mara ngapi umewataka watoto waonyeshe kwa tendo. Aziandike hesabu hizo mbili pembeni mwa andalio lako. Wiki ya pili ulifute swali lile kabisa, na mahali pake uweke zoezi moja fupi ambalo kila mtoto atalifanya peke yake huku ukimtazama. Idadi ya wasiojua itaonekana kuongezeka, nawe usifadhaike. Walikuwepo tangu mwanzo; sasa unawajua kwa majina, na kesho asubuhi waweza kuanza nao.